Kitasa Alichopewa Mkwe

Arusha, 3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Masakta, na magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sipati. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii, na jambo hili sitaki lipitie mdomo wa mtu mwingine.

Kile kitasa cha zamani cha mlango wa pembeni, tulichokubadilishia hapa gereji mwezi uliopita, kiko wapi? Kiwanda kiliagiza magari yote ya aina ya lako yarudishwe kwa sababu vitasa hivyo hufunguka vyenyewe gari likiwa kwenye mwendo. Vikitolewa, huvunjwa. Ulipokifunga chako kwenye gazeti ukasema, "Chuma kizima hiki," niliona haya kukukatalia mbele ya mafundi. Nikaandika kimevunjwa. Tafadhali kitumbukize chooni leo hii.

Mwanao, Tekla

Masakta, 9 Machi

Mwanangu Tekla,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Mahindi yameota.

Kitasa nilimpa mkwe wetu Yona, mume wa dada yako. Gari lake ni kama langu, na mlango alikuwa anaufunga kwa kamba, aibu tupu. Nilimpa mbele ya baba zake wadogo, wakapiga makofi. Acha wasiwasi. Mbona mimi nimetembea nacho miaka minne? Na kitu ulichompa mkwe kwa mikono miwili hukifuati.

Baba yako, Hermani

Arusha, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Juzi tumeletewa gari ambalo mlango wake ulifunguka kwenye kona. Ndani kulikuwa na kiatu kimoja cha mwanamke. Sikuthubutu kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Nimempigia Yona, anacheka: "Shemeji, kitasa kanipa mzee. Mzee akisema nitoe, nitatoa." Dada Fausta ana mimba ya miezi minane, kila Jumatano anapelekwa kliniki, na anakaa pale pale mlangoni. Bora ile kamba! Nisamehe baba, lakini unawaonea haya wakwe kuliko unavyomwonea huruma binti yako. Nami nilikuonea haya wewe. Kesho namwambia bosi kwamba niliandika uongo. Wewe nenda kwao Hirbadaw, umwambie Yona akitoe.

Mwanao, Tekla

Arusha, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Jana ilikuwa Jumatano. Fausta hapokei simu, Yona hapatikani. Kazini nimesimamishwa, hilo liache. Niandikie hata mstari mmoja.

Tekla

Masakta, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika Hirbadaw Jumatano asubuhi, gari limeshawashwa. Nikamwambia Yona akitoe kitasa. Akajibu kwa heshima kwamba tutaongea wakirudi kliniki. Baba zake wadogo wapo, wananitazama. Nikachukua nyundo nikakivunja mwenyewe pale pale mlangoni, rangi ikabanduka. Mmoja akasema mzee Hermani amerukwa na akili. Mlango ule haujawahi kuwafungukia hata mara moja. Aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Yona akazima gari akaingia ndani. Fausta akalia, akasema mimi na wewe tunamvunjia ndoa. Akashika njia ya zahanati kwa miguu, hataki kunitazama. Nikabeba mkoba wake nikamfuata kwa nyuma, na kila aliposimama kupumua, nami nilisimama.

Baba yako, Hermani