Udongo Usioguswa na Mchwa

Ujiji, Jumatano jioni, 1968

Rundo la udongo limepungua tena! Siku nne tumekwangua udongo nyuma ya ghala la dawa ya nzige, pale mapipa yalipovuja. Sheria ndogo ya mji inataka uzikwe kwenye shimo refu. Lori nimeliomba mara tatu. Naambiwa liko kwenye shughuli za kujenga taifa.

Leo nimemkuta Mama Sijali, jirani wa ghala, anakandika nyumba kwa udongo uleule.

"Shikamoo, mama. Hiyo ni sumu."

"Marahaba, Bwana Afya. Ndiyo maana tunautaka. Mchwa hawaugusi. Mtaa mzima tumekandika."

Nikamwambia aubomoe ukuta. Akaniuliza atalala wapi. Nikaondoka.

Nimefika nyumbani hoi. Jiko letu limekandikwa upya, limependeza kweli. Mke wangu anasema jana wenzake walimletea makarai mawili ya udongo.

Tangu apate mimba hii, hamu yake ni udongo. Anakwangua ukuta kwa kucha, analamba, nami huwa namcheka.

Sijamuuliza bado. Ananipakulia chakula, natazama kucha zake.