Mzungu Aliyempisha Mkwe

Kasulu,
29 Julai 1976

Mpendwa Shangazi Esteria,

Pokea salamu nyingi za mwanao Winifrida. Hujambo huko Kasanda? Kifua kimekuacha, au vumbi la kupura maharage limekirudisha? Mimi ni mzima, masomo ya ualimu yananipeleka mbio, na baridi ya huku mwezi huu imetufanya tuvae nguo zote tulizo nazo.

Nasikia Babu Pasikali amekwisha kukusimulia habari za Saba Saba, na kwamba huko kwenye pombe wazee wanamsifu mchumba wangu kuwa mzungu wa kwanza mwenye adabu. Shangazi, kaa kitako. Wewe ndiye uliyenifunda, na sitaki ucheze ngoma ya arusi yangu bila kujua ilivyokuwa.

Tauno unamjua kwa jina tu. Kwao Ufini alikuwa akilipwa mshahara kwa kucheza mpira wa kikapu. Najua utacheka, hata mimi nilicheka, nikamwuliza kama wapo pia wanaolipwa kwa kuruka kamba. Lakini alianza akiwa kijana wa miaka kumi na sita, akafika timu ya taifa lake, na watu walikata tiketi kwenda kumwona. Kisha goti lake la kushoto likaumia. Madaktari walimpasua, wakamwambia alipumzishe muda mrefu, ndipo akaja kufundisha hesabu hapa Kasulu. Klabu yake ilikuwa ikimngoja arudi Septemba. Kila asubuhi alikimbia kwenye njia ya Titye, na jioni alirusha mpira kwenye kile kikapu chetu cha chuma mpaka giza limfukuze. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na kwa ajili hiyo hiyo nilikuwa naogopa.

Melkiadi aliogopa kuliko mimi. Tangu Baba afariki, kaka yangu ndiye baba, na ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mkwe. Hakumchukia Tauno. Alisema tu kwamba mtu ambaye kazi yake iko kwao, akiitwa ataondoka, nami nitamfuata, na nikiugua huko hakuna wa kumletea habari. Babu Pasikali yeye alikataa katakata, akasema mzungu hajui ukwe, atamparamia mkwewe kama beberu. Mwishowe Melkiadi akatamka kwamba atatoa jibu baada ya mechi ya Saba Saba kati ya Kasulu na Kibondo, maana yeye mwenyewe anaichezea Kibondo. Angekataa, Tauno angepanda ndege peke yake. Mimi siwezi kutoka kwetu bila baraka, kama mwizi wa kuku.

Sasa sikiliza. Unajua kwetu mkwe hapambani na mkwe. Ukikutana naye njiani unashuka kwenye nyasi, unainamisha macho, anapita. Mimi sikumwambia Tauno hata neno moja, nikidhani uwanja ni uwanja. Nilipomwona Babu Pasikali amekaa mbele kabisa na fimbo yake, ndipo akili ikanirudia, na mpira ulikuwa umekwisha kurushwa.

Walipambana bega kwa bega. Kila walipogongana Babu alinigeukia na kusonya, nami nilitamani ardhi inimeze. Mwisho ulikaribia wakiwa sare. Melkiadi akaupata mpira, akakimbilia kikapu, na mbele yake akabaki Tauno peke yake. Mtu huyo aliyekuwa amewazuia majitu huko Ulaya akasogea kando, akashuka goti moja chini, kichwa akakiinamisha. Melkiadi akapita, akafunga. Filimbi ikalia.

Halafu Babu Pasikali akasimama, akainua fimbo, akapaza sauti kwamba mzungu amempisha mkwe. Akina mama wakapiga vigelegele. Wachezaji wa Kasulu walitukana waziwazi. Melkiadi akamwinua Tauno kwa mikono yake miwili, akatangaza pale pale kwamba ng'ombe wapokelewe.

Shangazi, hakumpisha mtu. Goti lilikatika.

Aliniambia kesho yake nyuma ya kanisa, mguu umevimba kama boga. Daktari amesema hatacheza tena. Hakulia. Aliniuliza tu kwa nini kila anakopita watu wanampigia makofi. Nilipomweleza, akasema hawezi kuoa kwa heshima ambayo hakuitoa, lazima twende Kibondo akaseme kweli. Nilimsihi anyamaze, nikamwambia kidonda kilichopona hakichokonolewi. Hakunisikia. Katika basi sikumsemesha njia nzima.

Melkiadi alimsikiliza mpaka mwisho. Kazi yake hospitalini ni kufunga mifupa ya watu, unajua. Akasema goti lile alilisikia likilia wakati anapita, kabla hata hajafunga. Wazee walikuwa wanatafuta sababu ya kukataa, Mungu akawapa ya kukubali, naye ni nani wa kuwanyang'anya? Tauno akacheka, mara ya kwanza tangu aumie, akachechemea nje kunawa. Ndipo kaka akaniinamia, akaninong'oneza kwamba alipolisikia goti lile alimshukuru Mungu, kwa kuwa sasa siondoki.

Nilikasirika mno. Nilimwambia ana roho mbaya, kushangilia maisha ya mtu yakivunjika.

Lakini wewe sitakudanganya. Siku ile nyuma ya kanisa, Tauno aliponiambia hataitwa tena na klabu yake, nilimshika mkono nikasema pole, pole sana, na moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Yeye hajui. Anawaambia watu wote jinsi nilivyomhurumia.

Ulinifunda mengi, hili hukunifunda. Njoo mapema kabla ya arusi uniambie la kufanya. Hivi ninavyoandika namwona dirishani, amekaa chini ya kikapu, mguu ameunyoosha, anawaelekeza wanafunzi. Mpira ukimfikia anaushika kidogo kabla ya kuurudisha.

Nisalimie Odilia na wote wa hapo nyumbani. Babu Pasikali mwache na furaha yake.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Winifrida