Mgonjwa wa Kuigiza, Chumba cha Nne

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: Mama Pacha. Umri: miaka 52. Kazi: mshonaji. Makazi: nyumba za nyuma ya hospitali ya rufaa.
Kosa linalochunguzwa: mwanafunzi kumshambulia daktari mtahini.

Mimi na mume wangu huwa tunaigiza ugonjwa. Hospitali ya rufaa na chuo cha udaktari wana makubaliano: wanafunzi wanafundishwa na kutahiniwa hapo hospitali, na sisi majirani tunafunzwa dalili ili wajifunzie kwetu kabla ya kumshika mgonjwa halisi. Mume wangu hupewa maumivu ya kifua. Mimi hupewa kuwa mke wake, na hiyo sikuhitaji kufunzwa. Sharti ni moja, hakuna kuacha kuigiza mpaka kengele ilie.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, tulikuwa chumba cha nne. Daktari mtahini, ambaye ndiye mkuu wa wodi ya moyo, alikaa karibu na mlango. Akaingia mwanafunzi, binti. Mume wangu akaanza kulalamika kifua. Nikaona anazidisha, maana anapenda sifa, nikamfinya mkono apunguze. Mkono ulikuwa wa baridi, umelowa. Jasho hatukufunzwa.

Nikamwambia, "Baba Pacha, acha mchezo." Hakunijibu. Nikamgeukia daktari nikasema mume wangu anaumwa kweli. Akatabasamu. "Leo umejitahidi sana, mama." Kila nilivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kuridhika. Sijawahi kuogopa namna ile maishani. Nalia mbele ya daktari wa moyo, na hanisikii.

Binti alimshika mume wangu mshipa wa mkono, akasema, "Daktari, huyu haigizi. Naomba tumtoe."

Daktari akasema, "Ukivuka mlango huu umefeli."

Binti akaanza kusukuma kitanda. Daktari akasimama mbele, akakishika. Binti akamsukuma kwa mikono miwili, daktari akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Tukakikimbiza kitanda sote wawili mpaka kitengo cha dharura. Ni kweli alimsukuma. Hakumpiga, hakumtukana, na hakuwa na hasira ya mtihani kama inavyosemwa. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Mume wangu yu hai. Amelazwa wodi ya moyo, kwa daktari huyohuyo. Jana mchana daktari alikuja kitandani na bandeji yake, akampima vizuri tu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, polisi utawaambia nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mzee atakaa kwangu muda mrefu." Labda alitaka kunituliza. Tangu hapo kila dawa ikiletwa namuuliza muuguzi ni ya nini, na anachonijibu sikielewi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nimesomewa maelezo haya. Naomba mume wangu ahamishwe hospitali nyingine kabla mtu yeyote wa chuo hajayasoma.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Kabla hajasaini nilimjulisha kuwa wakili wa chuo yuko nje anasubiri nakala, na kwamba halazimishwi kusaini. Akauliza namna ya kuita gari la wagonjwa. Nilimpa simu ya kituo. Alipiga kwanza, akasubiri hapa mezani mpaka mwanawe alipopiga kusema gari limeshamtoa baba yake nje ya geti la hospitali, ndipo akasaini.