Sahani Moja ya Kombe

Shoga, nimetoka kwa Bibi sasa hivi, kanisimulia makubwa. Unamkumbuka yule babu wa babu yetu, Majaliwa wa Bagamoyo, wa kabla ya Wajerumani?

Alikuwa na farasi jike. Hashiki mimba, halafu anawapanda punda majike kama dume!

Watu wakasema ana jini. Jini la nani? La Ashatu, mke wa kwanza wa Majaliwa, maana naye hakuzaa. Eti limemhama yeye likamwingia mnyama.

Mwalimu wa madrasa akaandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha kwa maji. Ashatu anywe nusu, farasi amalizie. Sahani moja, shoga. SAHANI MOJA. Akanywa. Angefanyaje?

Farasi akafa hata hivyo. Wakampasua waone kilichomuua. Ovari moja ina uvimbe mkubwa kama dafu, ya pili imesinyaa kama popoo ya tambuu.

Majaliwa akakaa chini, akalia. “Masikini, kumbe alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nampiga bure.”

Alilia, shoga. Kwa farasi.

Ashatu alikuwa amesimama palepale na mtungi wa maji ya kuwanawisha. Akamuuliza polepole, “Na mimi, mume wangu, mpaka nipasuliwe?”