Migomba Waliyoikata Ijumbi

Koku wangu,

Wameikata migomba yetu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni, na wewe hukuwahi kumpenda mtu anayezungukazunguka kabla ya kusema.

Lile shina la migomba pembeni mwa nyumba ya marehemu mama yako, upande wa jiko, lililokuwa jeusi hata jua likiwaka namna gani, halipo tena. Ulisema mwenyewe uzikwe Ijumbi kwenye kibanja, shamba la nyumbani ulikozaliwa, na kaka yako Ta Gosbert akachagua pale, wakafyeka ili wapate pa kuchimba. Mimi nilikuwepo. Nilisimama na kwaya nikiimba sauti ya pili huku machozi yananiingia mdomoni, na sikuona kitu. Unazika mtu wako, utaangalia mgomba? Nilikuja kuona baadaye, siku nilipokwenda kukaa peke yangu ng'ambo ya bonde, kule kwenye rweya, yale majani matupu ya kilimani tulikozoea kuchorea. Nikafungua ubao, nikabana karatasi kwa vibanio vyangu vya nguo, nikainua macho nitafute pa kuanzia. Palikuwa na pengo, na ndani ya pengo udongo mwekundu.

"Anza na palipo peusi kuliko pote, Adela." Ulikuwa unaniambia hivyo kwa sauti ya darasani, kana kwamba mimi ni mtoto wa la tatu na si fundi cherehani mwenye wajukuu. Ukianza na mwanga, ulisema, utauogopa, utaubembeleza, na picha nzima itakuwa uji wa mgonjwa. Weka giza lako kwanza, mengine yote yatajua mahali pake. Na giza letu, kila tulipochora Ijumbi, lilikuwa ile migomba. Sasa mtu akikukatia pa kuanzia unafanyaje? Hilo hukunifundisha.

Ningeacha, Koku. Ningefunga rangi kwenye mfuko nikaweka juu ya kabati, basi. Lakini binti yako Asimwe, kabla hajarudi Mwanza baada ya msiba, alinishika mkono pale uani akasema, "Ma Adela, nichoree nyumbani, kama mlivyokuwa mnapachora na mama. Nitundike sebuleni. Nikipaangalia nijue alipo." Ungemjibu nini mtoto aliyevimba macho vile? Nikasema ndiyo, harakaharaka, kama ninavyomwahidi mteja gauni la Krismasi na kitambaa bado kiko dukani. Tangu siku hiyo nimekwenda Ijumbi sijui mara ngapi, narudi kwangu Ijuganyondo karatasi haina hata tone. Asimwe anapiga simu. Haulizi picha. Ananisalimu, anauliza magoti yangu, anasema Mungu ni mwema. Huko kutouliza ndiko kunakoniumiza.

Unakumbuka ulivyonianza? Umestaafu ualimu, majirani zako wote wa Kibeta wanangoja wakuone unafuga kuku, wewe ukanunua rangi. Ukaja kibandani kwangu na kofia ile ya majani, pana kama ungo, ukasema, "Funga hiyo cherehani, tunakwenda kuchora." Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mimi na kuchora wapi na wapi? Nilichowahi kuchora maishani ni mikono ya magauni, tena kwa chaki. Ukasema jicho linalojua kitambaa kitaangukaje litajua na kilima kinaangukaje. Muongo mkubwa wewe. Kilima changu cha kwanza kilikuwa kama ng'ombe aliyelala, na ulikitazama ukakohoa.

Lakini raha ile, jamani! Asubuhi ukungu unainuka kwenye migomba, moshi wa majiko unapenya kwenye paa, na sisi wawili juu ya majani, hakuna anayetuita. Rangi ya kwanza ikishalala kwenye karatasi lazima usubiri, na kwa hewa yetu hii iliyolowa karatasi hukauka itakapotaka yenyewe. Mimi nilikuwa na kiherehere cha kugusa. Wewe unafungua kitambaa chako, unatoa kahawa za kutafuna, unanipa. "Tafuna. Ukigusa mbichi utapata matope." Basi tunatafuna, tunanyamaza. Nimekaa na watu wengi katika maisha yangu, Koku, na mume nimekaa naye, Mungu amrehemu, lakini ni wewe tu niliyeweza kunyamaza naye asubuhi nzima bila mmoja wetu kuuliza mwenzake amekasirika nini.

Na yule mzee! Alipotuona na ubao na makofia alijua sisi ni watu wa ardhi tumekuja kupima. Akapanda kilima anahema, fimbo mbele. Swali la kwanza, barabara inapita wapi. La pili, nani katuita, ni mdogo wake? Kumbe wana kesi ya mpaka. Ukamgeuzia picha. Akaitazama sana, akaweka kidole juu ya kibanja chake, rangi ikiwa bado mbichi, akasema, "Hapa mmenipunguza." Ukamweleza kwa heshima zote kwamba hii si ramani, mzee wetu, ni picha tu. "Hata kama ni picha," akasema, "ongeza." Nawe ukamwongezea migomba miwili. "Kasinge, waitu," akashukuru, akashuka ameridhika kabisa. Tulicheka tukamwaga maji yote ya brashi.

Uliyonifundisha nimeyashika, hata niliyokubishia. Sikai tena jua likaangukia karatasi, maana linakudanganya, unadhani rangi ni hafifu, unaongeza, unaongeza, ukifika nyumbani picha imekuwa masizi. Vivuli navishika mapema kwa penseli, halafu sivifukuzi. Kivuli cha saa tatu si cha saa tano, na anayekifukuza anajikuta amechora asubuhi na mchana kwenye karatasi moja. Ile kijani ya kwenye tyubu siitumii ilivyotoka. "Hiyo ni kijani ya ndoo ya plastiki," ulisema, na mimi nikabisha, nikabisha tena, mpaka siku uliyochanganya bluu na njano ukatia na hudhurungi kidogo, kama udongo wetu, na mgomba ukasimama pale kwenye karatasi unapumua. Mfuko wa nailoni hautoki kwenye kikapu changu, maana mvua ya Bukoba haipigi hodi. Na kabla sijakaa natazama siafu. Hilo tulijifunza wote pamoja, na sitaandika hapa tulivyovua nguo.

Halafu moyo wako ukachoka. Miguu ikavimba, kilima kikawa kirefu. Mara ya mwisho tulipopanda ulikuwa unasimama kila baada ya hatua chache, unasema unatazama mandhari. Hukuwa unatazama kitu, mwenzangu. Ulikuwa unatafuta pumzi. Nami nikasimama kando yako nikatazama mandhari.

Nimekukasirikia. Acha niseme, nani atanizuia? Nani alikutuma uje unitoe kwenye cherehani yangu, unifundishe jambo la watu wawili, halafu uniachie mwenyewe? Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa sijui kwamba kilima kina rangi ya zambarau asubuhi, na sikuwa nimepungukiwa na chochote. Sasa nakiona kila siku nikienda sokoni, nageuka nikuambie, hupo. Mawe, mama yangu! Naona kilima nalia njiani kama mtu aliyeibiwa.

Sasa kaburi lako wamelijengea. Watoto wako wamelivika marumaru nyeupe, wamefanya vizuri, hakuna wa kuwalaumu. Ila jua la asubuhi likilipiga linang'aa hadi ng'ambo. Pale palipokuwa peusi kuliko pote, sasa ndipo peupe kuliko pote.

Nikasema moyoni, nitadanganya. Nani atajua? Asimwe kasema kama mlivyokuwa mnapachora, na ile migomba naijua kwa moyo. Nikaianza hivyo. Mkono ukaenda wenyewe, ukaweka giza palepale pa siku zote, na mengine yakaja yakakaa mahali pake kama ulivyosema: paa, moshi, mibuni, njia ya kwenda kisimani. Ikawa nzuri. Ikawa nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, Koku, na wewe hukuwemo. Mtoto ametaka ajue mama yake alipo, mimi nimemfunika kwa migomba. Nikaichana vipande, nikavitia kikapuni, nikashuka bila kumuaga mtu.

Jumamosi iliyopita nikarudi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakatika, kila kitu kimeoshwa. Nikakaa nikakutazama. Na unajua mwenyewe, rangi za maji hazina nyeupe. Nyeupe ni karatasi, ile sehemu uliyoizuia brashi isiiguse. Ukitaka kitu kiwe cheupe unakiamua kabla ya vyote, halafu unakilinda mpaka mwisho, maana brashi ikipita mara moja tu, hakirudi. Kwa hiyo sikuanza na giza. Nilianza na wewe. Nikachora kwa penseli kijumba kidogo cha kaburi lako, hakizidi ukucha wa kidole changu cha mwisho, nikaanza kupaka dunia yote kukizunguka. Kila brashi ilipokukaribia nilibana pumzi. Mkono huu umeshona mashela ya maharusi wangapi, na haujawahi kwenda polepole hivyo. Nililia, nikajipangusa kwa kitambaa cha brashi, nikapata uso wa kijani, nikaendelea. Sikukugusa. Asubuhi nzima, Koku, sikukugusa hata kwa ncha.

Nilipomaliza, Ta Gosbert alikuwa amepanda kuniita nikale, mkewe alikuwa ameivisha ndizi. Akaitazama picha. Akaona nyumba, akaona mibuni yake, akafurahi. Halafu akainama, akanyoosha kidole bila kugusa. "Ma Adela, hapa umesahau kupaka."

"Hapo ndipo alipo," nikamwambia.

Akavua kofia. Akaketi majanini kando yangu, na ndizi za mkewe zikapoa.

Asimwe ameipata. Nilimpa jirani aliyekuwa anakwenda Mwanza, nikamwapisha asiikunje. Binti yako alinipigia, akasema "Ma Adela," akaanza kulia, nami nikalia, mpaka vocha yake ikaisha. Ameitundika sebuleni. Ahadi yangu kwake imetimia.

Lakini sijakumalizia ya Ta Gosbert. Tulipokuwa tunateremka alinionyesha kando ya kaburi. Machipukizi yametoka, manene, yamejikunja bado. Shina la mgomba halifi kwa kukatwa juu, akasema, na hataling'oa, ataliacha likue. Misimu michache tu migomba itakuwa imekuzunguka pande zote, imefunga pengo, na mtu akiwa ng'ambo hataliona kaburi kabisa. Alisema hivyo kunifariji. Yesu waitu! Ilinichoma kama pasi. Ndiyo kwanza nimejifunza kukutazama pale, tayari unataka kufichwa.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeshona nalo siku hizi zote. Na hili ndilo ninalokuahidi, Kokugonza, rafiki wa uzee wangu. Magoti yakiniruhusu nitapanda kile kilima kila msimu. Sitamwambia Gosbert apunguze jani hata moja. Nitachora kilichopo. Wakikufunika nusu, nitakuacha mweupe nusu. Ukibaki kama punje ya mchele, nitailinda hiyo punje. Na itakapofika asubuhi nitakayokaa ng'ambo nikafumba jicho moja, nikatafuta, nisione weupe wowote, nitapaka kijani mahali pote, kwa amani, bila kubana pumzi. Kisha nitafunga ubao, nitateremka, nitapenya kibanjani kati ya hiyo migomba, nije nikae nawe karibu.

Lala salama, mwenzangu. Huku mvua imeanza tena.

Wako,
Adela