Mikono Iliyomuosha Baba

Bwera, Kasese
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Muniru,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Ninsiima, na kwamba mafua yale uliyoyalalamikia kwenye simu yamepona. Sisi huku wazima wote, isipokuwa baba, na habari zake unazo.

Usishangae kupata karatasi siku hizi za simu. Simu ya nyumbani tunaiweka sauti kubwa ili mama asikie, na haya si ya masikio yake. Binamu yetu Swalik atampa kondakta wa basi pale Kikorongo akuletee Kampala.

Uliniomba nikuandikie maisha ya baba, uje uyasome mbele ya watu siku ya arobaini kwa kuwa wewe ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Haya, chukua kalamu uchague yanayokufaa.

Baba alizaliwa Rukoki kwa wakulima wa kahawa, akashuka Bwera kijana asiye na kitu, akaanza kupakia malori. Chumvi ya Katwe, kahawa, samaki wakavu, mitumba ya kwenda Kongo, vyote vilipita begani kwake. Hata alipopata lori lake mwenyewe na watu wa kupakia, bado alibeba pamoja nao, na matajiri wenzake wakamcheka. Alitulisha kwa bega hilo, akatusomesha, akatuoza sisi wasichana. Hakuwa mpole, tusidanganyane. Jioni alirudi hataki kelele, ananyoosha mikono tu, na mama anampaka samli ya moto kwenye nyufa za viganja. Miaka yote ile sikuwasikia wakiongea kitu kingine cha mapenzi.

Wewe hukuruhusiwa kugusa gunia. Alitaka uwe na mikono ya ofisi. Unakumbuka siku ile ulipojaribu kubeba gunia la chumvi ukaanguka nalo? Baba hakukupiga wewe. Alimpiga kofi Nasif, mpakiaji wake, aliyelelewa nyumbani kwetu na ni wa umri wako, kwa sababu alikuachia ubebe. Wewe ulicheka. Nasif akaliokota gunia.

Ofisi uliipata, mashallah. Baba alikuwa akiwaambia watu sokoni kwamba siku akifa, mikono safi ya Muniru ndiyo itakayomuosha. Alilisema mpaka watu wakachoka kulisikia.

Sasa nije kwenye Alhamisi ile. Baba alikata roho alfajiri, na ulipopigiwa ulisema tusubiri, uko njiani, utamuosha mwenyewe. Adhuhuri ukasema uko Mbarara. Sheikh alikasirika, akasema maiti haingojei abiria, mama akamsihi, akakubali shingo upande. Alasiri ukasema uko Kikorongo. Swalik akasimama pale njia panda anachungulia kila gari, mpaka wachoma nyama wakamuuliza amepoteza nini. Nikakupigia tena. Akapokea Ninsiima, maskini, huko nyumbani kwenu Kampala, asiyejua lolote, akaniambia, "Anaoga. Nimuite?"

Nilimwambia asikusumbue, umalize kuoga.

Nasif ndiye aliyeingia na sheikh kumuosha baba. Anasema bega la kulia lilikuwa na ngozi ngumu kama soli ya kiatu, na kwamba aliliosha taratibu kuliko pengine pote. Hilo usilisome siku ya arobaini, watu wanajua hukuliona.

Tulipokuwa tunakungoja, mvua ilishuka kutoka milimani. Kaburi lilichimbwa asubuhi, likajaa maji, wakayateka kwa makarai na bado yakawa yanarudi. Unajua baba hakuogopa kitu duniani ila mvua kunyeshea chumvi. Usiku wa mvua alikuwa akiamka kukaza turubai. Chumvi ya watu haikuloa mikononi mwake hata mara moja, na sisi tukamlaza yeye kwenye tope kwa ajili yako. Nilikuchukia siku ile, Muniru, nakwambia wazi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, mama alikuwa amekaa mkekani. Macho yake sasa hayaoni ila kivuli, hilo pia pengine hukulijua. Akauliza, "Muniru iko wapi? Alifika?" Mimi ndiye niliyemsukuma Nasif mbele. Akapiga magoti, akampa mama mikono yenye tope, analia bila sauti. Mama akaishika, akaipapasa viganja na vidole.

"Mutoto yangu," akasema, "mukono yako iko mugumu hivi? Baba yako alikukataza magunia bure. Ulijifunza kazi."

Tangu siku ile analala vizuri. Anawaambia majirani kwamba aliogopa mumewe alimharibu mtoto, kumbe mtoto ni mtu wa kazi.

Ningekusamehe ya Mbarara na ya Kikorongo. Lakini Jumatatu ulipopiga simu, na mama akakushukuru kwa kumuosha baba yako, nilikuwa nimekaa hapo kando. Nilingoja useme kweli. Ukajibu, "Ilikuwa wajibu wangu, mama." Nasif alikuwa mlangoni na gunia la makaa. Aliliweka chini polepole, akatoka.

Kwa hiyo maisha ya baba ndiyo hayo. Suti uliyosema utavaa, vaa. Kiti chako mbele tutakiweka.

Nisalimie Ninsiima sana, mwambie simlaumu. Swalik anakusalimu, na watu wa Rukoki wote. Nasif pia anakusalimu. Sikumtuma aseme hivyo, ni roho yake mwenyewe.

Mama anakusalimu kuliko wote. Amenituma nikununulie samli, nimeinunua, ipo kwenye kopo lilelile la baba. Anasema ukifika, kabla hujala wala kusalimia watu, ukae karibu naye mkekani akupake mikono. Mimi sitamwambia neno, na Nasif ameapa kunyamaza. Utamwambia wewe, akishakushika.

Mungu akufikishe salama, na safari hii akufikishe kweli.

Ni mimi dada yako, ambaye kukupenda hakujanishinda bado,

Saudah