Ulivyoniuliza Kama Inaonekana

Baba,

Leo nimeipeleka bastola yako polisi. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza, maana watu wa kwetu hawajui kufunga mdomo, na sidhani wakifa wanajifunza.

Niliifunga kwenye lile taulo lako la kijani, nikamwomba chifu msaidizi anisindikize. Pale kituoni, mjini Maua, askari alipolifungua taulo akapiga mluzi. "Mzee alikuwa na jicho," akasema. "Fupi hivi, halafu ya risasi nene. Nani alimchagulia?" Nikamwambia sijui. Huo ni uongo wa pili niliosema juu ya hiyo takataka. Wa kwanza nitakueleza huko chini, nikipata moyo.

Baba, nimechoshwa na watu. Ulipokata roho kule hospitali Embu, mkono wako ukiwa bado kwenye mkono wangu, nilimpigia Mutuma simu. Mwanao wa kwanza, kaka yangu wa pekee. Aliniuliza maswali mawili tu. La kwanza, saa ngapi. La pili, "Na ile kitu iko wapi?" Hakuuliza kama uliumia.

Siku mbili kabla ya mazishi, wanawake wakimenya viazi na kwaya ikifanya mazoezi uani, akafungua kabati la chuma akaitoa. Nikawakuta wanaume nyuma ya ghala, miraa mashavuni, wanapokezana bastola yako kama wanawake wanavyopokezana mtoto mchanga, kila mmoja anaipima uzito na kusema ehe, hii ni kitu. Kijana wa shangazi alikuwa anapigwa picha nayo. Niliinyakua nikawaambia mbele ya pasta kwamba nyinyi ni fisi, na hata fisi angengoja mtu azikwe. Pasta akakohoa. Shangazi akasema msiba umenichanganya. Msiba haukuwa umenichanganya hata kidogo.

Lakini wacha nisijitakase. Mimi ndiye niliyekuchagulia.

Unakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa unarudi kutoka Nairobi kupeleka miraa, mchana kweupe, wale vijana wakakusimamisha barabarani, wakakulaza kifudifudi kwenye matope na koti lako la kanisani, wakaondoka na gari. Gari lilipatikana siku ya tatu. Wewe hukupatikana tena. Ulikaa sebuleni wiki nzima ukisema, "Mtu wa umri wangu, kwenye matope." Nikakuonea huruma. Nikakuandikia barua ya kuomba leseni kwenye kompyuta ya ofisini, saa ya chakula, kwa Kiingereza kizuri kabisa, nikakusindikiza kwa daktari, kwenye mahojiano, kila mahali. Halafu tukaenda dukani.

Lile duka bado nalisikia harufu, mafuta ya chuma na zulia jipya. Muuzaji alikuwa mtu mpole mwenye miwani, anatandika kitambaa cheusi na kuziweka bastola moja moja kama anauza saa. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ukasema hiyo ni ya kutembea nayo kwenye gwaride. Ya pili ndogo, nyembamba, akakwambia watu wengi wanaondoka na hiyo. Ukacheka: "Hii ni ya kufukuza panya." Wewe ulitaka vitu viwili visivyokaa pamoja. Iwe fupi isionekane chini ya koti, na iwe na risasi nene kiasi kwamba atakayepigwa haamki. Yule mtu alikueleza ukweli, Mungu ni shahidi. Alisema revolva fupi ya risasi nene inarusha mkono, ni nzito kiunoni, inabeba risasi tano tu, na mkono wa mzee utaumia. Ukamjibu, "Mimi nikipiga mara moja sitaki kurudia."

Mdomo ule ule ulioombea chakula chetu miaka yote! Na mimi nilikuwa nimesimama kando yako.

Ukaanza kujitazama kwenye kioo. Unavaa koti, unavua, unageuka kulia, unageuka kushoto, bwana harusi wa miaka sitini na tisa anayejaribu suti. Saa tatu nzima, Baba. Mimi tangu asubuhi nilikuwa na chai ya rangi tu tumboni, viatu vinanibana, na kesho yake kazini. Kila ukigeuka unaniuliza, "Mwari wakwa, naonekana?" Hukuwa ukiniita binti yangu kwa sauti hiyo tangu Mama afe. Mara ya saba nikasema, "Huonekani, Baba. Chukua hiyo."

Ukaichukua. Ukaenda nayo kanisani, harusini, kwenye mkutano wa ushirika wa maziwa. Mwanzoni ulikuwa unashika kiuno kila hatua kama mgonjwa wa figo. Baadaye ukaizoea kama mshipi, ukawa unasahau unayo. Mama angekuwa hai angeitumbukiza chooni na wewe nyuma yake.

Sasa ile siku ya Baba Mdogo Kaberia. Ninaiandika ingawa unaijua, kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kuizungumza. Nyinyi ndugu wawili mlikuwa mmegombana juu ya ule mstari wa miraa ya zamani aliyoipanda Babu mpakani, kila mmoja anasema ni yake. Mdogo wako akachoka na ugomvi. Akachuma miraa ya miti hiyo hiyo, akaifunga kwa majani ya mgomba jinsi inavyofungwa ya kuombana msamaha, akaja kwako mchana na wazee wawili. Alikuwa ametoka kupogolea. Panga lake aliliacha pale langoni, limeegemea nguzo. Nilimwona kwa macho yangu. Kila mtu wa kwetu anajua, ile miraa haikutanishwi na chuma.

Wewe ukasimama kupokea. Ile inapokelewa kwa mikono miwili na unainama kidogo, hakuna mkono wa kubaki kushika koti. Ukainama. Koti likapanda.

Baba Mdogo akatazama kile kipini cheusi kiunoni mwako. Akasema polepole, "Ndugu yangu, mimi panga langu nimeliacha langoni." Akarudisha mzigo wake kwapani, akaondoka na wazee wake.

Ungesema tu nimesahau! Neno moja. Ulikuwa umesahau, niliona uso wako ulivyoshtuka. Lakini wewe na kiburi chako mkaketi, ukavuta koti, ukasema, "Mwacheni aende. Sasa anajua." Anajua nini, Baba? Nilikuchukia siku hiyo. Nilirudi kazini Embu bila kukuaga, na nilijichukia zaidi yako.

Miaka miwili hamkusalimiana. Presha ilipokuangusha na mdomo wako ukavutwa upande mmoja, jina pekee lililotoka likaeleweka lilikuwa Kaberia. Nikampigia. Akaniuliza, "Ana ile kitu?" Nikamwambia Baba Mdogo, amevaa nguo ya hospitali, haina hata kitufe nyuma. Akasema atakuja. Alikuja Alhamisi asubuhi na chupa ya uji. Wewe uliondoka Jumatano jioni. Ule uji niliunywa mimi, pale kwenye benchi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuunywa. Na mazishini alisimama karibu na ua na shati tu, kwenye ile baridi yetu, kila mtu aone kiuno chake hakina kitu.

Unadhani Mutuma ameona? Mutuma anataka ya kwake. Amesikia leseni yako imekufa na wewe, kwa hiyo ameleta fomu. Anataka nimwandikie barua kama niliyokuandikia, kisha nimsindikize dukani. "Wewe ndiye unajua zile hazionekani," ananiambia, anatabasamu. Na pumzi hiyo hiyo anasema Baba Mdogo amevuka mstari, anachuma upande wetu, na safari hii atamkuta mwanaume. Nimemwangalia nikakuona wewe mbele ya kioo. Ikiwa ataipata, tutamzika mtu mwingine kwenye shamba hili, na sijui kama itakuwa upande wetu au upande ule.

Kwa hiyo leo kutoka kituo cha polisi sikurudi nyumbani. Nilienda mpakani, nikachuma mwenyewe, nikafunga kwa majani ya mgomba vibaya vibaya, maana hakuna aliyenifundisha, hii si kazi ya wanawake. Kabla ya lango la Baba Mdogo nikavua sweta nikaliacha kwenye ua. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaniangalia, akaangalia ule mzigo, akasema, "Geuka." Nikageuka. Kulia, kushoto, mgongo, kama wewe siku ile dukani. Hapo ndipo nilipoanza kulia, na nikaungama kwake ule uongo wa kwanza. Sasa nakwambia na wewe.

Ilikuwa inaonekana, Baba. Pale dukani, kila ulipogeuka, ilivimba ubavuni kama jipu. Niliiona mara zote saba. Nilisema huonekani kwa sababu nilikuwa na njaa na nilitaka kwenda nyumbani. Ungejua, siku ile ungeiacha kabatini. Ungejua, pengine usingeinunua kabisa. Ulitembea nayo miaka yote hiyo ukidhani watu hawaoni, na watu walikuwa wanaona wananyamaza.

Baba Mdogo aliacha kupukuchua. Kisha akasema, "Kumbe hakunionyesha makusudi." Akarudia tena, sauti imepasuka, "Miaka miwili nilijua alinionyesha makusudi."

Hakuupokea ule mzigo. Alisema huletwa na mwanaume, na mwanaume ni Mutuma, na aje amevaa shati tu. Lakini hakunirudishia. Aliuweka kivulini akaunyunyizia maji. Unaijua miraa, haingoji mtu. Kesho ni sawa, kesho kutwa ni ya kulisha mbuzi.

Nimemwambia Mutuma. Amenuna, ameng'aka, ameniita msaliti. Nikamwambia barua nitamwandikia, ndiyo, kwa Kiingereza kizuri, nieleze jinsi alivyoipitisha bastola ya marehemu nyuma ya ghala, na nitaipeleka kituoni mwenyewe kwa mkono. Sasa hivi yuko nje anapiga pasi shati. Hasemi na mimi. Lakini anapiga pasi, Baba, na shati ni jeupe.

Nakuahidi hivi. Kesho nitasimama nyuma yake tukifika pale langoni. Nitamtazama mbele na nyuma, nimpapase ikibidi, na akiniuliza anaonekanaje nitamwambia ninachokiona, hata niwe na njaa ya siku tatu.

Nimekukasirikia bado. Nakukosa pia, sana, kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkosa mtu aliyemuudhi hivi. Tulikuzika na lile koti la kijivu. Vifungo nilivifunga mwenyewe, na kabla hawajafunika nilikupapasa kiunoni, pande zote mbili. Hapakuwa na kitu. Pumzika hivyo hivyo, Baba.

Mwari waku,
Kananu